Kompaila na mzoa taka: jinsi ya kutoa msimbo usiopoteza stakabadhi hata moja

Kuhamisha magunia ya korosho kutoka chama cha msingi Tandahimba hadi ghala kuu Mtwara mjini ni kazi ya lori moja. Kinachohitaji umakini ni karatasi. Kila karatasi iliyotaja safu ya zamani lazima irekebishwe, na ikisahaulika moja tu, mtu atakwenda kudai mzigo mahali ambapo sasa pamewekwa mzigo wa mwenzake. Mzoa taka, yaani sehemu ya programu inayoondoa vitu visivyotumika tena kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuhamisha vilivyo hai, ana kazi hiyohiyo, na anayemwambia karatasi ziko wapi ni kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine.

Kwa hiyo anza na kompaila. Wazo la kuzoa taka limo katika karatasi ya John McCarthy kuhusu lugha ya programu ya Lisp, ya mwaka 1960, na mzoa taka wa kunakili kwa njia ya C. J. Cheney ya 1970 anaandikika kwa C kwa jioni moja. Upande wa kompaila ndio unaokula wiki.

Mfano wetu ni lugha ndogo ya kutunza stakabadhi za chama cha msingi, kwenye mashine ya x86-64 yenye Linux. Mbali na kompaila ya C kwa ajili ya mzoa taka, unahitaji asembla na linka tu, zana za kugeuza amri kuwa faili inayoendeshwa. Intaneti ikikatika, kazi inaendelea.

Hatua ya 1: Kila kitu kiwe na kichwa

Mzoa taka akifika kwenye kitu lazima ajue mambo mawili: ukubwa wake, na vielekezi vyake (anwani za vitu vingine) vimekaa wapi. Tenga baiti 8 za mwanzo ziwe kichwa kinachoelekeza kwenye maelezo ya aina. Stakabadhi yetu inapangwa hivi: kichwa (0), mkulima (8), kilo (16), stakabadhi inayofuata (24). Jumla ni baiti 32. Maelezo ya aina yanasema "ukubwa 32, vielekezi kwenye 8 na 24". Kilo ni namba, haimhusu mzoa taka.

Maelezo haya huandikwa mara moja kwa kila aina, kwenye sehemu ya data isiyobadilika. Usiyaandike ndani ya kila kitu.

Hatua ya 2: Msimbo wa kutenga nafasi

Vitu vipya vinazaliwa kwenye kitalu, kama miche ya mikorosho: vingi hufa mapema, vichache hukua na kuhamishiwa shambani. Rejista (kijisanduku cha ndani ya prosesa) r15 inashika mahali penye nafasi, r14 inashika mwisho wa kitalu. Kompaila inatoa msimbo huu papo hapo, bila kuita funksheni:

```
    mov  rax, r15
    lea  rcx, [rax+32]
    cmp  rcx, r14
    ja   polepole
    mov  r15, rcx
    lea  rdx, [rel aina_stakabadhi]
    mov  [rax], rdx
    mov  qword [rax+8], 0
    mov  qword [rax+24], 0
```

Mistari miwili ya mwisho usiiondoe kwa tamaa ya kasi. Kitalu kimeshatumika, kina mabaki. Mzoa taka akiingia kabla hujajaza nafasi ya mkulima, atafuata mabaki hayo kama kielekezi halali. Ruhusa ya kuiacha inapatikana pale tu unapothibitisha kwamba hakuna kituo (mahali mzoa taka anapoweza kuingia, Hatua ya 3) kati ya kutenga na kujaza.

Njia ya `polepole` inahifadhi r15 kwenye kumbukumbu, inamwita mzoa taka, kisha inasoma upya r14 na r15. Ukisahau kuzisoma upya, utaendelea kutenga kwenye kitalu cha zamani. Kwa kipimo, kitalu cha MB 4 kinabeba stakabadhi 131,072 kabla hakijajaa.

Hatua ya 3: Chagua vituo

Daladala halishushi abiria popote, lina vituo. Mzoa taka naye huingia kwenye vituo tu: mwito wa kutenga, na kila mwito wa funksheni inayoweza kutenga. Programu yenye uzi mmoja (mfuatano mmoja wa kazi) haihitaji zaidi ya hapo. Zikiwa nyuzi nyingi, ongeza kituo mwishoni mwa kila mzunguko wa kitanzi, maana uzi unaojumlisha kilo milioni moja bila kutenga chochote utazisubirisha nyuzi zote nyingine. Kulinganisha alama moja kwenye kumbukumbu kwa kila mzunguko kunatosha.

Hatua ya 4: Ramani ya staki

Hapa ndipo programu nyingi hufia. Kwa kila kituo, kompaila inaandika jedwali: ufunguo ni anwani ya kurudi baada ya mwito, jibu ni orodha ya nafasi za fremu (sehemu ya funksheni moja kwenye staki, kumbukumbu ya funksheni zinazoendelea) zenye vielekezi vilivyo hai wakati huo. Tazama funksheni hii:

```
funksheni andikisha(m, kilo) {
    s = Stakabadhi(m, kilo, tupu)
    chapa(jina(m), namba(s))
    rudisha s
}
```

Rejista rbp inaonyesha fremu ya funksheni: mkulima m yuko rbp-8, s iko rbp-16. Ramani zake ni nne:

```
kutenga s :  rbp-8
jina(m)   :  rbp-16
namba(s)  :  rbp-16, rbp-24
chapa     :  rbp-16
```

Hiyo rbp-24 imetoka wapi? Ni jibu la `jina(m)`, linalosubiri `namba(s)` imalize ndipo yote mawili yapelekwe kwa `chapa`. Mwandishi wa programu hakulipa jina, kwa hiyo kompaila inayopita kwenye vibadilika vyenye majina pekee italiruka. Programu itafanya kazi siku nyingi, mpaka siku `namba` itakapojaza kitalu, na jina la mkulima litachapwa likiwa herufi za ovyo. Tengeneza ramani baada ya kuvunja maelezo yote kuwa hatua ndogo zenye majina ya muda, kamwe si kabla.

Angalia pia kwamba m hayumo tena kuanzia `jina(m)`. Amekabidhiwa, fremu ya `jina` ndiyo itakayomtaja. Ungemtaja kwenye vituo vyote, hasara ingekuwa kumbukumbu kuchelewa kuachiliwa tu. Kosa la hatari ni kutomtaja kwenye `jina` kisha kumtaja tena kwenye `chapa`: kama mzoa taka alipita katikati, anwani iliyoko rbp-8 ni ya zamani, nawe unamwambia ni hai. Kielekezi kilichotangazwa kimekufa hakifufuki. Vilevile rbp-24 isitajwe kwenye kituo cha kwanza, kwa sababu bado haijaandikwa chochote.

Kuhusu rejista, tunashauri kwa mara ya kwanza uandike kila kielekezi kilicho hai kwenye fremu kabla ya mwito na kukisoma upya baada yake. Unapoteza kasi kidogo, unaokoa ramani nzima ya rejista ambazo funksheni iliyoitwa huenda imezihifadhi sehemu nyingine.

Mzoa taka anatembea fremu kwa fremu: `[rbp+8]` ni anwani ya kurudi, `[rbp]` ni rbp ya aliyeita. Lebo ya ramani iwekwe mara baada ya `call`. Ikiwekwa kabla, utakosea kwa baiti 5 za mwito wa kawaida, na jedwali halitaonyesha kitu. Mzoa taka asipoipata anwani ya fremu iliyo ya lugha yako, asimamishe programu na kulalamika. Asiiruke.

Hatua ya 5: Vielekezi vya katikati ya kitu

Kiboresha msimbo (sehemu ya kompaila inayotafuta kasi) hupenda kubadilisha `orodha[i]` kuwa kielekezi kinachosogea baiti 8 kila mzunguko. Baada ya hapo mwanzo wa orodha hautumiki tena, unahesabiwa umekufa, na kilichobaki kinaelekeza katikati ya kitu, au hata nje yake kabisa. Mzoa taka anayetafuta kichwa pale atasoma kilo akidhani ni aina.

Dawa ni mbili. Ama ramani iandike jozi, mwanzo na kilichokokotolewa, mwanzo ukilazimishwa kubaki hai. Mzoa taka anatoa umbali kati yao kabla ya kuhamisha na kuujumlisha baadaye. Ama kompaila ikatae kielekezi cha aina hiyo kuvuka kituo, na ikikokotoe upya. Kwa lugha ndogo chukua ya pili. LLVM, mfumo wa kutengenezea kompaila, inatumia wazo la jozi: `gc.relocate` inataja mwanzo na kilichokokotolewa, na kila kielekezi hupata jina jipya baada ya mwito, hivyo msimbo hauwezi kutumia la zamani kwa bahati mbaya.

Hatua ya 6: Kuandika kielekezi ndani ya kitu cha zamani

Mzoa taka akisafisha kitalu tu hapitii shamba zima. Kwa hiyo kitu cha shambani kikielekezwa kwenye kitu cha kitaluni lazima iachwe alama. Kumbukumbu inagawanywa vipande vya baiti 512, kila kipande kikiwa na baiti moja kwenye jedwali la kadi:

```
    mov  [rdi+8], rsi
    shr  rdi, 9
    mov  byte [r13+rdi], 1
```

Hapa r13 ni mwanzo wa jedwali uliosogezwa mapema ili anwani za hipu (kumbukumbu ya vitu vyote, kitalu na shamba) ziangukie ndani yake. Rdi imeharibika, kwa hiyo mgawa rejista (sehemu ya kompaila inayopanga nani atumie rejista ipi) aambiwe. Alama haihitajiki ukiandika namba, tupu, au ukijaza kitu kilichotoka kutengwa kitaluni bila kituo katikati. Vitu vikubwa vinavyotengwa moja kwa moja shambani havimo kwenye msamaha huo.

Alama moja ikikosekana, stakabadhi mpya inayoshikwa na orodha ya zamani pekee inazolewa ikiwa hai. Programu itaanguka dakika kadhaa baadaye, mbali na mstari wenye kosa.

Hatua ya 7: Msumbue mzoa taka

Usisubiri msimu wa korosho ukuonyeshe makosa. Weka swichi inayofanya kila mwito wa kutenga upite `polepole` na kuhamisha vitu vyote, kila mara, hata kama nafasi ipo. Baada ya kuhamisha, jaza eneo la zamani baiti 0xDB. Kielekezi kikisomwa kutoka humo kitakuwa 0xDBDBDBDBDBDBDBDB, anwani ambayo x86-64 haiikubali, na programu itaanguka palepale kinapotumika.

Endesha majaribio yako yote mara mbili, swichi ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, ukilinganisha matokeo baiti kwa baiti. Itakwenda polepole mno. Tumia stakabadhi 50 badala ya laki moja. Ikianguka, soma anwani ya kurudi ya fremu ya juu, fungua ramani yake, na uhesabu kwa mkono vielekezi vilivyo hai pale. Kile kisichokuwemo ndicho ulichokuwa unakitafuta.