Vespa inatema gia namba 2? Usikimbilie kufungua injini

Hii ni kwa wenye Vespa PX za zamani, zile za gia mkononi zilizoanza kutoka kiwandani 1977. Hata ukiwa na LML, ile Vespa iliyotengenezwa India, soma tu, maana giaboksi zao ni ndugu na spea nyingi zinaingiliana. Tatizo lenyewe mnalijua, unatoka Darajani umempakia mtu nyuma, unatia namba 2, unapiga resi, mara KRAK, injini inalia peke yake chombo hakivuti na huko nyuma daladala inakupigia honi.

Mimi nilipigwa na hili. Nikampelekea fundi, hakuuliza kitu, akashusha injini siku hiyo hiyo, nikalipa spea na ufundi, wiki mbili chombo hakipo. Kurudi nacho nyumbani kinatema vile vile! Mzee mmoja jirani akaja akashika ule mkono wa gia akauchezesha kidogo tu, akaniambia "mwanangu, huu waya umeoza, gia zako hazina kosa". Nusu saa tumemaliza, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Kwa hiyo nakupa kwa mpango wangu mimi, cha bei rahisi kwanza, injini mwisho kabisa.

Kwanza ujue mle ndani kuna nini. Zile gia nne zimevaa kwenye shafti kama bangili kwenye mkono, kila moja inazunguka yenyewe haijashikana na shafti. Shafti ina uwazi katikati na ndani yake kunapita kifimbo ambacho mwisho wake kuna kipande cha chuma chenye miguu minne, mimi nakiita msalaba. Ukizungusha mkono wako wa kushoto nyaya mbili zinavuta selekta pale kwenye injini, selekta inasukuma msalaba, na ile miguu inaingia kwenye matundu ya gia uliyoichagua, hapo ndio gia na shafti vinakuwa kitu kimoja. Sasa miguu isipoingia sawasawa, au ikiwa imelika pembe, mzigo ukija inateleza inatoka. Ndio kutema kwenyewe huko.

Jaribio la kwanza halina gharama. Tafuta barabara isiyo na watu, tia namba 2, piga resi halafu achia, piga tena halafu achia, huku mkono wa gia umeushika kwa nguvu usiuachie uzunguke. Kama ukiushika hivyo haitemi na ukiulegeza inatema, au mkono una mchezo mkubwa yaani unauzungusha na huko nyuma hakuna kinachotokea, basi dalili zinaelekea kwenye waya. Kama umeushika kisawasawa na bado unausikia unakupiga kofi kwenye kiganja unataka kutoka kwa nguvu, hapo msalaba ndio mtuhumiwa. Lakini hata hapo nyaya zikague kwanza, usinifanye nimeongea bure.

NYAYA. Fungua lile kava dogo la selekta kwenye injini, utaona nyaya mbili zimekuja, mmoja unavuta kuelekea namba 1 na mwengine kuelekea namba 4. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula hizi nyaya vibaya sana, utakuta nje unang'aa na ndani ya kasha lake kutu tupu. Ukikuta hata uzi mmoja umekatika, badilisha, tena badilisha zote mbili. Fungua kava la juu la usukani, skrubu ziko chini yake, waya mpya upake grisi vizuri kabla hujauingiza, na angalia usipinde kona kali mahali popote. Kurekebisha: weka frii, angalia alama ya mkono imekaa sawa na alama ya frii, kama haijakaa sawa legeza rekebisho la waya mmoja na kaza la mwengine kwa kipimo kile kile mpaka zikutane, halafu kaza nati za kufungia, spana namba 8 inatosha. Usikaze kama gitaa. Bakisha mchezo kidogo, milimita 1 au 2, waya uliobana kupita kiasi unaivuta selekta isikae mahali pake na unarudi kule kule kwenye kutema. Ukimaliza jaribu gia zote huku unasukuma chombo mbele na nyuma kwa mkono, injini imezimwa, kila gia uisikie inaingia klak.

KLACHI nayo inasingizia giaboksi mara nyingi tu. Kama umeshika klachi yote na chombo bado kinajivuta mbele, au ukisimama huipati frii mpaka uzime, au gia zinaingia kwa kelele, hiyo klachi haiachii. Kaza waya wake mpaka mkono uwe na mchezo kama milimita 2 hivi. Ikiwa ni kinyume chake, injini inalia kwa juu na spidi haipandi na unasikia harufu ya kuungua, klachi inateleza, pleti zimekwisha. Klachi ya PX inatoka bila kupasua injini, unavua tairi la nyuma unapata nafasi, unafungua kava lake, ila ile nati ya katikati ina kifaa chake maalumu, wanaoipiga kwa patasi na nyundo wanaiharibu tu. Na kuna kile kifunguo kidogo kama nusu mwezi, kikianguka kwenye mchanga nakuombea dua.

OILI sasa. Mwaga ikiwa injini ya moto, bolti ya kumwagia iko chini. Ndani ni mililita 250 tu, SAE 30 ya kawaida. Narudia SAE 30, kwa sababu mafundi wengi wakisikia giaboksi wanamimina ile 90 nzito ya difu za magari, na klachi ya Vespa inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo kwa hiyo unaharibu klachi pia. Ile uliyoimwaga iangalie kabla hujaitupa. Ikimeremeta vipande vya chuma, vya kuonekana kabisa sio unga, ndani kuna kinachovunjika. Nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli au imezidi kuliko uliyotia, sili ya krenki upande wa klachi imekufa, na sili hiyo hiyo ndio inayofanya chombo kinywe oili ya gia na kutoa moshi mwingi mweupe hata ukipunguza oili kwenye petroli.

Haya, nyaya mpya, klachi safi, oili sawa, na bado inatema. Sasa ndio unashusha injini. Inashikwa na bolti moja ndefu mbele na ya shokomzoba nyuma, ukiacha nyaya, umeme na mpira wa petroli. Piga picha kila hatua kwa simu. Klachi itoke, fleiwili itoke kwa pula yake, kile kifaa cha kuivutia, sahani ya koili weka alama ilipokaa kabla hujaigusa ama sivyo taiming, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, utaitafuta wiki nzima, silinda itoke, selekta itoke, halafu nati za kasha la injini, namba 11, zunguka nazo zote uhesabu maana moja ikisahaulika ndio unavunja kasha. Kutenganisha unagonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Usitie bisibisi katikati, ukikwaruza pale kasha halitaziba tena.

Toa klipu, vua gia moja moja uzipange kwenye kitambaa kwa mfuatano wake. Chukua msalaba utie kidole kwenye pembe za miguu. Mzima pembe zake kali, uliokufa zimeviringika kama sabuni iliyotumika. Na hapa ndio watu wanakosea, wanabadilisha msalaba wanafunga, baada ya miezi miwili wanarudi. Angalia na matundu ya ndani ya gia, hasa namba 2, kama nayo yamelika pembe basi gia hiyo nayo itoke, la sivyo itautafuna msalaba mpya. Kuna wanaochomelea msalaba wa zamani wakausaga kwa tupa, moto wa kuchomelea unaua ugumu wa kile chuma, usikubali. Kifimbo cha msalaba kinafunguka kinyume, yaani kulia ndio kufungua, wengi wameshakikata hapo kwa kulazimisha.

Dukani nenda na ule wa zamani mkononi. Kuna msalaba bapa wa PX za mwanzo na kuna uliopinda wa zilizofuata, haviingiliani.

Kitu cha mwisho mle ndani ni mwanya wa gia. Zirudishe gia zote kwenye shafti pamoja na washa, ile pete bapa ya chuma, na klipu yake, halafu pima kwa vile vibati vya kupimia gepu la plagi, kati ya gia na washa uwe milimita 0.15 hadi 0.40. Ukizidi 0.50 gia zinaelea na msalaba hauzikamati vizuri, nunua washa nene zaidi, zipo za saizi tofauti. Fundi akikwambia hilo halina haja tafuta mwengine. Kabla ya kufunga tia sili mpya za krenki na gasketi mpya, jaribu gia zote kwa mkono, halafu kaza nati za kasha kwa Nm 13 hadi 15 (kipimo cha nguvu ya kukazia) kwa kupokezana, ile ya tairi la nyuma 90 hadi 110.

Endesha taratibu, na baada ya kilomita kama 500 mwaga oili utie nyengine. Na ikitokea msalaba mpya, gia nzima, mwanya sawa, na bado mkono unapiga kofi, usiipasue tena injini, rudi kwenye selekta yenyewe, itikise kwa vidole: pini yake ikiwa imelika ina mchezo, haiusukumi msalaba mpaka mwisho. Inabadilishwa kwa nje, injini ikiwa mahali pake.