Kundi la hadithi za kulipia: namna ya kupunguza kazi bila kuwapoteza wasomaji

Kama unaandika hadithi za kulipia kwenye WhatsApp, na kila ikikaribia saa 3:00 usiku moyo unakwenda mbio kwa sababu sehemu ya leo hujaigusa, kaa tuzungumze. Mimi niko Makorora, Tanga, na huu ni mwaka wa sita nikiifanya kazi hii. Minne ya mwanzo niliifanya vibaya. Niliahidi sehemu moja kila siku, kiingilio shilingi 3,000 kwa mwezi, nikiamini kuwa anayetoa nyingi ndiye anayelipwa. Wateja walikuja kweli. Kilichoharibika ni hadithi.

Siku niliyoamua kubadilika naikumbuka. Nilikuwa na malaria, naandika nikiwa kitandani natetemeka ili watu wasikose. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye hadithi ile ambaye nilimzika sehemu ya 31, kijiji kizima kikamlilia. Sehemu ya 58 akapokea simu ya mwanawe. Msomaji wangu mmoja, mama mtu mzima anayeishi Maskati, akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyu si tulishamzika? Pumzika, mama." Hakudai pesa yake. Nililia, kwa sababu nilijua kuwa wasomaji walikuwa wanaitunza hadithi ile kuliko nilivyoitunza mimi niliyeiandika.

Anza na daftari

Usiguse bei wala ratiba kabla hujajua muda wako unakwenda wapi. Nilichukua kaunta buku, nikachora mistari miwili: kuandika, na kila kitu kisicho kuandika. Kwa mwezi mzima niliandika saa nilizotumia, kila siku kabla ya kulala.

Kuandika kulichukua saa mbili na nusu kwa sehemu, yaani saa 75 kwa mwezi. Hilo nililitegemea. Mstari wa pili ndio ulionishtua: saa 41. Kukumbusha watu walipe, kukagua miamala, kutoa kundini aliyemaliza siku zake, kumrudisha aliyelipa, kumjibu anayesema mshahara unatoka Ijumaa. Kundi lilikuwa na watu 214, waliolipa mwezi ule 131. Ni shilingi 393,000. Toa bando na makato 26,000, ikabaki 367,000 kwa saa 116. Kila saa ilinipa kama shilingi 3,160.

Tazama vizuri saa zile 41, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kosa lilipo. Malipo ya mwezi yana ubaya wake: kila mtu ana tarehe yake. Huyu aliingia tarehe 3, yule tarehe 17, mwingine alilipa nusu. Kazi ya kudai haiishi, inarudi kila mwezi hata kama hadithi ni ileile na mtu ni yuleyule. Na wale 83 waliokuwa wakisoma bure si wezi. Wengi walisahau tu, nami nilichoka kuwakumbusha.

Uliza watu wachache, mmoja mmoja

Kura ya kundini haitakusaidia. Kundini wanaosema ni walewale kumi, na mtu hujibu anachoona wenzake wamejibu. Mimi niliwapigia simu wasomaji 12, wa rika na kazi tofauti, na sikuwauliza wanataka sehemu ngapi kwa wiki. Ukiuliza hivyo kila mtu atasema nyingi. Niliuliza: "Mara ya mwisho umesoma lini, na ulisoma sehemu ngapi kwa mkupuo?"

Tisa kati yao walikuwa wanaziacha zilimbikane wiki nzima, wanazisoma Ijumaa au Jumapili. Dada mmoja muuza vitumbua aliniambia husoma asubuhi akishauza, na siku ya soko hagusi simu kabisa. Kumbe mimi nilikuwa nakesha kwa ajili ya ratiba ambayo haikuwa na mwenyewe.

Nikauliza tena ni kitu gani kiliwahi kuwafanya wajute kulipia hadithi ya mtu yeyote. Hapo walizungumza kwa uchungu. Walishawalipa waandishi waliopotea hadithi ilipofika patamu, au walioivuta hadithi kwa maneno matupu ili mwezi mwingine uingie. Arosto, ile hamu ya kutaka sehemu inayofuata, wanaipenda, wanajua ndiyo raha yenyewe. Wasichokubali ni kuachwa na arosto bila kujua mwandishi anarudi lini. Kwa hiyo walikuwa wananilipa ili hadithi ifike mwisho, na ije siku niliyosema.

Uza hadithi, acha kuuza mwezi

Hili ndilo badiliko kubwa, na mengine yote yanalitegemea. Hadithi moja, sehemu 24, wiki nane. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 3:00 usiku. Shilingi 4,000, mara moja tu.

Sehemu tatu za mwanzo naziweka bure kwenye chaneli, mtu aonje. Kisha mlango wa malipo unakuwa wazi kwa siku saba na unafungwa. Anayechelewa anasubiri iishe, aje ainunue nzima. Mara ya kwanza niliona huruma nikataka kumwingiza ndugu mmoja siku ya tisa, nikajizuia, maana ukimfungulia mmoja umeshairudisha kazi ya kila siku. Kukusanya pesa kukashuka hadi saa nane kwa hadithi nzima.

Hadithi ya kwanza kwa mtindo huu walilipa watu 160, shilingi 640,000. Bando na makato yakachukua 30,000. Kuandika saa 60, kusoma upya na kusahihisha saa 12 (muda ambao zamani sikuwa nao kabisa), kukusanya saa 8. Jumla saa 80, na kila saa ikanipa shilingi 7,625.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Kwa mwezi ile ni 305,000, pungufu ya 62,000 ukilinganisha na zamani. Kama kodi ya nyumba inategemea kundi, usibadili kabla hujaweka kando pesa ya miezi miwili. Mimi nilibadili karibu na Idi, kwa sababu nina cherehani na msimu ule nguo za watoto zinashoneka. Chagua mwezi ambao una cha kushikilia.

Sehemu ya pengo niliiziba kwa hadithi za zamani. Nilikuwa nazo 11 zilizokamilika, zimelala kwenye simu. Kila wiki mbili naichukua moja, naisahihisha, naiweka kwenye faili la PDF lenye jalada, jina langu na namba yangu, naiuza 2,000. Miezi miwili ya kwanza ziliuzwa nakala 37. Ni 74,000 kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Kabla hujafikiria kuandika zaidi, fungua simu yako uangalie ulichonacho tayari.

Kuwaambia wa zamani

Hapa wengi huogopa, na woga ndio huwafanya waandike maelezo marefu ya magonjwa na shida za nyumbani. Usifanye hivyo. Msomaji anataka kujua pesa yake iko wapi na hadithi inakuja lini. Nilituma hivi:

"Habari za jioni, wapendwa. Kuanzia hadithi ijayo nitatuma sehemu tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 3:00 usiku. Malipo ni 4,000 kwa hadithi nzima, hakuna malipo ya mwezi tena. Mwenye siku zilizobaki ataisoma hadithi ijayo bila kulipa. Asiyetaka kuendelea aniandikie, nitamrudishia salio la siku zake. Hadithi hii ya sasa naimaliza kama nilivyoahidi."

Waliokuwa na siku zilizobaki ni 46. Nikawaingiza wote bure, hata aliyebakiwa na siku mbili. Walioondoka ni 19, na niliwarudishia pesa usiku uleule. Wanne kati yao walirudi hadithi ya pili.

Mambo madogo ya vifaa

Kundi la WhatsApp linabeba watu 1,024, na unaweza kuliweka admini pekee ndiye atume. Fanya hivyo kwenye kundi la hadithi, mazungumzo yawe na kundi lake. Usitegemee ile orodha ya kutuma ujumbe kwa watu 256 kwa mpigo (broadcast): ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, na wengi hawakuihifadhi. Nunua laini ya pili kwa ajili ya pesa za hadithi tu, usizichanganye na za sokoni. Mtu akikutumia picha ya muamala, shukuru, kisha angalia kwenye salio lako mwenyewe, kwa sababu meseji za kutengeneza zipo.

Kuhusu wanaosambaza sehemu zako kwenye makundi ya bure, nilishapoteza usiku mwingi kuwasaka. Siku hizi katikati ya kila sehemu, ndani ya aya, naweka jina langu na namba. Ikisambaa, inanitangaza. Haki unayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu ulipoiandika, na kuisajili kwa Ofisi ya Hakimiliki kunakupa ushahidi siku mtu akiichapa kitabu kwa jina lake. Kwa huyo pigana. Kwa binti anayemtumia shoga yake sehemu ya tano, endelea kuandika.

Andika kwanza, fungua baadaye

Kanuni hii nimeijua kwa yule mzee aliyefufuka. Sifungui mlango wa malipo kabla sehemu 18 kati ya 24 hazijaandikwa, zimesomwa kwa sauti, na majina ya watu wote yameingia kwenye ukurasa wa nyuma wa kaunta buku: nani ndugu wa nani, nani amefariki sehemu gani, nani anajua siri ipi. Sehemu sita za mwisho naziacha kwa makusudi, kwa sababu wasomaji wakianza kubahatisha najua wamefika wapi, na mwisho naukunja kidogo.

Sehemu 18 ni wiki sita za ratiba. Ukiugua, ukifiwa, umeme ukikatika siku mbili, hadithi inatoka saa 3:00 usiku kama ulivyosema. Juzi mwanangu alilazwa Jumatatu hadi Alhamisi. Jumatano usiku nilituma sehemu nikiwa kwenye benchi la wodini, nimeshika chupa ya uji, na hakuna msomaji aliyejua.

Hadithi ijayo nataka kuifungua Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mpaka leo niko sehemu ya 14, na yule mama wa Maskati ameshaniuliza mara mbili. Nimemwambia bado nne.