Jinsi ya kupata maoni ya kweli ya wateja kwenye websaiti ya biashara yako

Mimi na dada yangu tuna duka la mapazia na mashuka Ngamiani, hapa Tanga, na websaiti tunayo, oda zinatoka Muheza, Korogwe mpaka Lushoto, mzigo unapanda basi. Mwanzoni fomu yetu ya maoni iliuliza "Je, umeridhika na huduma yetu?" na watu wanajibu ndio, nzuri sana, Mungu awabariki. Tukajua tuko vizuri, kumbe wengi walikuwa hawarudi.

Sisi watu wa pwani ubaya wa mtu hatumwambii usoni, tunaona haya, ukiuliza "nzuri?" utaambiwa nzuri. Kwahiyo kabla ya kitu chochote badilisha swali. Andika "Kitu gani kimoja hakikukaa sawa?", yaani wewe mwenyewe umeshakubali kasoro ipo, mteja hana sababu ya kukuficha. Wiki ileile tuliyobadilisha, mama mmoja wa Korogwe akaandika "pazia zuri ila halifiki chini, limeishia juu kama suruali ya mtoto". Akafuata mwingine, na mwingine tena. Tukakaa na fundi na futi yake tukagundua wateja wanapima urefu wa dirisha tu, wakati pazia linaning'inia kuanzia kwenye bomba huko juu mpaka sakafuni. Kosa letu, hatukuwaambia wapimeje. Tukapiga picha ya futi imeshikwa kwenye bomba ikashuka mpaka chini, tukaiweka palepale pa kuagizia.

Maswali yasizidi mawili, matatu mwisho. Mtu yuko kwenye simu, bando lenyewe la kubana, ukimpa maswali kumi anafunga anaondoka. Na usimrushie fomu wakati bado anachagua bidhaa, inamziba macho. Mtumie linki siku moja au mbili baada ya mzigo kufika, hapo ndo ana la kusema.

Kwa kuanzia Google Forms, ile huduma ya Google ya kutengeneza fomu mtandaoni, inatosha na ni bure, unaipachika ndani ya ukurasa wa websaiti. Ila angalia mipangilio, ukiwasha ile ya kila mtu ajibu mara moja tu, itamlazimisha mteja aingie kwa akaunti ya Google kwanza, na wengi nywila zao hawazikumbuki, umeshawapoteza. Izime. Halafu nenda sehemu ya majibu, bonyeza vile vidoti vitatu, washa ya kuletewa emaili kila jibu jipya likiingia. Sisi hatukuiwasha, tukaja kukuta malalamiko ya miezi miwili yamekaa tu, iliniuma sana.

Wasiopenda fomu wawekee batani ya WhatsApp. Linki yake ni wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila ile 0 ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Wengi wanakosea hapo, mteja anabonyeza hafiki popote.

Kuna ile njia ya kuuliza "kutoka 0 mpaka 10, ungetupendekeza kwa rafiki?", ilitangazwa na Fred Reichheld, mshauri wa biashara wa Marekani, mwaka 2003, wanaotoa 9 na 10 ndo wanakupigia debe, 7 na 8 wapo wapo tu, 6 kushuka chini hawajaridhika. Sio mbaya, lakini kwa duka dogo mi naona namba peke yake haisaidii, 6 haikwambii kama pazia ni fupi. Ukiitumia, chini yake weka "kwanini?" na nafasi ya kuandika.

Majina na namba za simu usiombe bila sababu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ndo inasajili wanaokusanya taarifa za watu, kwahiyo ulizia kuhusu usajili, na kwenye fomu andika wazi unachukua namba ya nini. Sisi tumeandika "acha namba kama unataka tukujibu", basi.

Na anayeacha namba ajibiwe, ikiwezekana siku hiyohiyo. Yule mama wa Korogwe tulimpigia, tukamwomba radhi, tukamtumia kwa basi kipande cha kitambaa kilekile cha kuungia, bure. Baada ya siku chache akatuma picha, kaunga kwa lesi nyeupe katikati, limefika mpaka chini, na akaagiza la chumba cha watoto.