Kurusha ndege ndogo kutoka Mtwara hadi mashamba ya zabibu Dodoma: anza kupanga kurudi

Kila mwaka upepo wa kusi ukishika kasi, simu yangu huanza kuita. Ni marubani wenzangu wa huku Kusini, na swali ni lile lile: "Kaka, ile safari yako ya zabibu unaipangaje?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika.

Nazungumza na mwenye leseni na saa za kutosha angani. Ndege ni Cessna 172S ya viti vinne, tunayomiliki watu watatu hapa Mtwara. Kama yako ni nyingine, utaratibu ni huu huu, tarakimu utazitoa kwenye kitabu cha ndege yako. Tunaondoka Ijumaa asubuhi, tunarudi Jumapili.

Hatua ya 1: Kaa na kalamu, uanze na Jumapili

Kwenda Dodoma ni rahisi. Asubuhi ya Mtwara ina ubaridi kidogo, uwanja uko karibu usawa wa bahari, mizigo ni begi mbili, na kusi inakusukuma mgongoni. Matatizo yote yanakusubiri kwenye kurudi: uwanja ulio juu, hewa nyepesi, katoni za mvinyo nyuma ya kiti, na kusi ile ile sasa inakupiga usoni. Manahodha wa majahazi wa Mikindani walilijua hili zamani. Walikwenda na kusi, wakasubiri kaskazi ndiyo warudi. Wewe Jumatatu una kazi.

Ndege yangu hutembea maili za bahari 110 kwa saa. Upepo wa 15 ukiwa nyuma, nakula 125. Ukiwa mbele, nabaki na 95. Kipande cha Dar hadi Mtwara ni maili 216. Kwenye 125 ni saa moja na dakika 44. Kwenye 95 ni saa mbili na dakika 16. Nusu saa nzima imeliwa na upepo, na nusu saa hiyo ndiyo inayoamua utatua kabla au baada ya jua kuzama. Kwa hiyo naandika kwanza: Mtwara, Jumapili, kabla ya saa 10 jioni. Halafu narudi nyuma hatua kwa hatua hadi Ijumaa.

Kuhusu msimu: Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kwanza yanaangukia kwenye mvua, huko na huku kwetu pia. Achana nayo. Nenda Agosti.

Hatua ya 2: Chagua njia ndefu

Ukiweka rula kwenye ramani, Mtwara hadi Dodoma ni maili 363 za moja kwa moja. Rula hiyo inakupitisha juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, saa nzima ya pori lenye tembo na miti, kisha inakupeleka kwenye milima ya Rubeho yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Injini ikikohoa katikati ya pori lile, utakuwa na muda mwingi wa kufikiri na mahali pachache pa kwenda.

Kupitia Dar ni maili 426. Umeongeza 63 tu, yaani nusu saa na ushei, na umenunua mambo mawili: mafuta ya ndege, na viwanja vya dharura njia nzima. Ukifuata pwani unapata Kikwetu pale Lindi, Kilwa Masoko, kisiwa cha Songo Songo, na Mafia mkono wa kulia. Walio Lindi wanaungana nasi hapo Kikwetu, na kwao Dar ni maili 180 hivi.

Toka Dar kwenda Dodoma, fuata reli. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, reli hiyo huonekana kutoka juu kama uzi mpya kwenye kanzu kuukuu: Ruvu, Morogoro, Kilosa, kisha bonde linalopenya kati ya Ukaguru kulia na Rubeho kushoto. Pita kaskazini ya mji wa Morogoro. Milima ya Uluguru iko kusini yake, inapita mita 2,600, na wingu huilalia hata siku ambayo kwingine ni kweupe. Mimi huruka futi 8,500 kwenda, na 9,500 au 7,500 kurudi, kwa kanuni ya kawaida inayotenga futi za kuruka kulingana na mwelekeo wa ndege.

Hatua ya 3: Mafuta ya kwenda na kurudi yajazwe Dar

Usiende Dodoma ukitegemea kupata avgasi, petroli ya ndege za pistoni, huko. Ndege zinazotua pale kila siku zinakunywa mafuta ya jeti. Wewe na injini yako ya pistoni ni mgeni. Hesabu yangu ni hii. Matangi yaliyojaa yana lita 200 za kutumika. Injini inakula lita 34 kwa saa. Dar hadi Dodoma, pamoja na kupanda, lita 66. Zinabaki 134. Kurudi Dar upepo ukiwa mbele, lita 76. Natua Dar nikiwa na 58, zaidi ya saa moja na nusu mkononi. Hapo sijaomba mafuta kwa mtu yeyote Dodoma.

Wakijaza, simama hapo hapo. Usiende kunywa chai. Chota kidogo kutoka chini ya kila tangi kwenye kikombe cha plastiki, kiinue kwenye mwanga. Avgasi ya 100LL ina rangi ya buluu hafifu kama maji yaliyosuuziwa nguo za shule. Ikiwa haina rangi au ni ya manjano, na ukinusa unapata harufu ya jiko la mafuta ya taa, usiwashe injini hata kidogo.

Hatua ya 4: Mpango wa safari na saa zetu tatu

Waswahili tuna tatizo ambalo marubani wengine hawana. Saa 1 asubuhi kwa mdomo ni 0700 kwa saa ya ukutani, na ni 0400 kwenye fomu ya mpango wa safari, kwa sababu fomu inataka saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Mwenzangu mmoja alijaza 0700 akiwa na maana ya saa 1 asubuhi. Waongoza ndege wakamsubiri saa 4, yeye yuko tayari anaunguruma saa 1, na mabishano yakaanza. Kwenye kipande cha karatasi naandika safu tatu, naibandika kwenye goti.

Soma notamu (matangazo ya tahadhari kwa marubani) za Dodoma kwa makini kuliko za kwingine. Ni makao makuu ya nchi. Msafara wa kiongozi ukiruka au kutua, ndege ndogo husubiri, na hakuna wa kumlalamikia. Taarifa ya hali ya hewa chukua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, jioni ya Alhamisi na tena alfajiri. Ada za kutua na kuegesha lipa kwa kontroli namba mapema, uwe na risiti kwenye simu.

Hatua ya 5: Ijumaa

Ruka saa 1 asubuhi. Dar saa 3, mafuta na msala, ondoka saa 4. Utaingia Dodoma kabla ya saa 6 mchana, na hiyo ndiyo maana ya kudamka: kuanzia adhuhuri uwanda ule unachemka, ndege inarushwarushwa, na vimbunga vidogo vya vumbi vinazunguka mashambani kama watu wanaocheza ngoma. Ukiviona karibu na njia ya kutua, zunguka tena. Hakuna aibu.

Hatua ya 6: Ifunge ndege kama ng'ombe

Kamba tatu, mbili kwenye mabawa na moja mkiani, usukani ufungwe kwa kizuizi chake. Funika kile kijibomba cha kupimia mwendo. Nyigu wa Dodoma hawahitaji siku mbili kujenga nyumba ya udongo ndani yake, na kipima mwendo kikifa utalijua hilo ukiwa tayari unakimbia kwenye njia.

Hatua ya 7: Shambani

Uwanja uko mjini kabisa, bajaji inakutoa. Kwa mashambani kodi gari. Makutupora iko kaskazini, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kiko huko; aina ya zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora imechukua jina hapo. Hombolo iko kilomita 40 na ushei. Mpunguzi na Bihawana ziko upande wa barabara ya Iringa, na Bihawana ni kwa wamisionari Wakatoliki ambao hutajwa kila historia ya zabibu za Dodoma inaposimuliwa.

Mimi nina mzee wangu Hombolo. Namsalimu "Mbukwenyi," anacheka Kigogo changu cha Kimakonde, anatuingiza shambani. Zabibu zinazoiva Agosti, ukizishika asubuhi, zina baridi ya usiku bado. Ganda lina unga mweupe unaofutika kwa kidole gumba. Mama watoto hula kuliko anavyonunua.

Sasa neno la pombe. Kanuni inayojulikana na marubani kila mahali ni saa 8 kati ya glasi na injini. Hiyo ni ya chini kabisa. Yangu ni hii: Ijumaa jioni nakunywa kama mtu yeyote, Jumamosi nikionja natema, na baada ya chakula cha mchana cha Jumamosi sigusi. Mzee alipoona natema mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, mbona unamwagia chini mali?" Nikamweleza. Akaniwekea juisi.

Hatua ya 8: Kupakia

Chupa iliyojaa ina uzito wa kilo 1.3 hivi. Katoni ya chupa 12, sema kilo 16. Sehemu ya mizigo ya 172S hairuhusu zaidi ya kilo 54. Begi zetu kilo 15, katoni mbili kilo 32, jumla 47. Hapo nasimama, ingawa kila safari kuna shemeji wa Masasi aliyeagiza ya tatu. Ndege tupu kilo 765, mafuta lita 134 ni kilo 96, sisi wawili 155, mizigo 47: kilo 1,063. Ukomo ni 1,157. Nafasi hiyo iliyobaki siijazi, naiachia hewa ya Dodoma.

Beba chupa zilizofungwa kiwandani tu. Mwaka mmoja niliona nimejanjaruka, nikapewa dumu la lita 10 la mvinyo mpya, bado unachacha. Nikalikaza kifuniko nisije nikachafua ndege. Mvinyo unaochacha unatoa gesi, na kwenye futi 9,500 msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pale Dodoma. Juu ya Kilosa nikasikia "poh!" nyuma ya kiti. Nilidhani silinda imepasuka. Mikono ikafa ganzi, macho kwenye kipima oili ya injini, kila kitu sawa, kisha harufu ikafika. Zulia lote jekundu. Kufika Dar, kijana wa mafuta akafungua mlango, akarudi hatua mbili: "Kapteni, mmetoka harusini?" Nilipoteza saa nzima nikieleza na kupuliza kifaa cha kupimia ulevi, nikatua Mtwara jua likigusa minazi.

Hatua ya 9: Kuondoka Dodoma

Hapa ndipo rubani wa pwani anapojifunza. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,673 juu ya bahari. Kukiwa na nyuzi 16 asubuhi, ndege inajihisi iko futi 4,700 hivi. Mchana kwenye nyuzi 30, inajihisi futi 6,350. Mbio za kuruka hurefuka karibu mara moja na nusu ya zile za usawa wa bahari. Njia inazidi kilomita 2, kwa hiyo kuruka utaruka. Taabu ni kupanda, maana ndege inajikongoja. Ruka saa 1 asubuhi.

Simama mwanzo wa njia, breki zimeshikwa, sukuma nguvu zote. Kisha vuta polepole kishikio chekundu, kile kinachopunguza mafuta yanayochanganyika na hewa kwenye injini. Mizunguko ya injini itapanda kidogo, itafika kilele, itaanza kushuka. Rudisha hadi kileleni, ongeza mafuta kidogo tu. Kwa mazoea ya Mtwara utaacha kishikio chote ndani, na injini itakabwa na mafuta yake yenyewe.

Ukianza kukimbia, macho yatakudanganya. Ardhi itapita kasi kuliko ulivyozoea na mkono utataka kuinua pua mapema. Usiinue. Tazama kipima mwendo. Kikisoma namba ile ile unayoitumia nyumbani, ndipo inua, kwa upole, na uiache ndege ijipatie mwendo kabla ya kupanda.

Hatua ya 10: Nyumbani

Dar saa 3 na nusu, jaza matangi, ondoka kabla ya saa 5. Kusi ikiwa mbele, ukipita Kilwa linganisha muda na mafuta na ulichoandika. Ikiwa umechelewa kwa zaidi ya dakika 20, tua Kikwetu, lala Lindi, mpigie bosi. Ukifika salama Mtwara, funga mpango wa safari kwa mnara kabla hujashusha katoni hata moja. Shemeji atasubiri.