Ufa kwenye chesisi ya Coaster: tafuta chanzo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea

Kila mvua zinapokatika, hapa Kizota, Dodoma, naletewa Coaster zilizopasuka chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, nyingi zikitoka njia za vijijini, Bahi na Chamwino. Mwenye gari anataka lichomelewe, jioni lirudi barabarani. Ukikubali hivyo hivyo, ufa utarudi, pembeni tu ya weldi yako.

Hata watengenezaji wakubwa yamewakuta. Mwaka 2004 Siemens iliwataka wenye tramu za Combino, treni za mjini zinazopita barabarani, wazisimamishe zote zilizotembea zaidi ya kilomita 120,000. Bodi zake za alumini zilikuwa zinapasuka kwenye maungio ya paa na ukuta. Tramu ile ina sakafu ya chini, na magurudumu hayageuki kwa uhuru chini ya behewa, kwa hiyo kwenye kona bodi yenyewe ndiyo inayosokotwa. Msokoto huo ulikuwa mkubwa kuliko walivyopigia hesabu. Kuziba ufa tu kusingesaidia. Ilibidi bodi ziimarishwe.

Hatua ya 1. Kwangua rangi na kutu kwa brashi ya waya, shibiri moja kila upande wa ufa.

Hatua ya 2. Tafuta ncha ya ufa, maana huwa mbele ya pale macho yanapoishia. Paka mafuta ya taa, subiri nusu saa, futa pakauke kabisa, kisha paka chaki iliyosagwa na kuchanganywa na spiriti. Mafuta yaliyobaki ndani yatachora mstari juu ya weupe. Karakana za reli zilitumia njia hii tangu enzi za injini za mvuke, na mimi bado naiamini. Tia alama kwenye ncha.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Ufa umeanzia wapi? Kwenye tundu ambalo mtu alilitoboa kwenye flenji, ule ukingo bapa wa juu au wa chini wa chesisi? Mwisho wa weldi ya zamani? Kagua springi: jani likivunjika upande mmoja, chesisi nzima husokotwa. Muulize dereva anapakia nini kwenye keria. Kisha paka chaki upande wa pili, mahali pale pale. Ukikuta ufa na huko, tatizo ni mzigo au umbo la chuma, wala si shimo moja la barabarani.

Hatua ya 4. Ondoa chanzo kwanza. Futa mafuta yote ya taa, chomoa betri na alteneta. Toboa tundu la milimita 6 hadi 8 kwenye ncha ili ufa usisonge mbele, saga umbo la V, chomelea kwa vijiti vya kuchomelea vya aina ya 7018 vilivyokaushwa. Acha chuma kipoe chenyewe. Ukikimwagia maji, chuma kinakuwa kigumu na kinavunjika.

Hatua ya 5. Kiraka kikihitajika, kata ncha zake mshazari. Ncha ya mraba inakusanya nguvu yote kwenye mstari mmoja, na usichomelee kamwe kukatiza flenji.

Baada ya wiki mbili gari lirudi, upake tena mafuta ya taa na chaki, pande zote mbili.