Kuokoa data kwenye hadi diski iliyoumia

Zima umeme kwanza. Hili ndilo jambo la maana kuliko yote yatakayofuata, na ndilo watu wengi hulikosa. Ndani ya hadi diski (hard disk, kifaa cha kompyuta cha kuhifadhi data) kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea vichwa vya kusomea kwa nafasi ya nanomita chache tu, ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kichwa kilichopinda kikiendelea kufanya kazi hukwangua utando wa sumaku, na data iliyokuwa mahali hapo huwa imeisha. Hakuna mtaalamu wa kuirudisha. Diski iliyozimwa haizidi kuharibika kwa hitilafu hiyo. Inaweza kukaa kabatini mwezi mzima ukitafuta vifaa au fedha.

Ushauri wa kuiweka diski kwenye friza upuuze. Ikitoka humo unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya sahani, na vichwa vikipita hapo huumia. Usiigonge, usiitikise, wala usifungue kifuniko "kuangalia tu". Ikiwa imelowa maji, usiiwashe na usiikaushe kwa jua, mchele au mashine ya nywele: maji yakikauka huacha chumvi na uchafu vikiwa vimegandamana na sahani. Ifunge ikiwa na unyevu wake ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uipeleke maabara.

Sikiliza inachosema

Unganisha kebo ya umeme peke yake, bila kebo ya data, ili kompyuta isianze kusoma chochote. Isikilize kwa sekunde 10 hivi, kisha uizime.

Ikigonga tak-tak-tak kwa mwendo ule ule, kwa kawaida vichwa vimekufa au haviwezi kusoma eneo ambalo diski huhifadhi programu yake ya ndani. Ikilia kwa sauti nyembamba au kuvuma bila kuzunguka, ama vichwa vimenata juu ya sahani ama mota imekwama. Ikikwaruza, usiiwashe tena hata mara moja. Hali hizi tatu hazina dawa ya mezani nyumbani. Kubadili vichwa kunahitaji meza yenye hewa iliyochujwa, vifaa maalumu vya kuvishika visigusane, na diski nyingine ya kutolewa viungo: modeli ile ile, idadi ile ile ya vichwa, na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa iliyo karibu. Diski kubwa zilizojazwa gesi ya heli ni ngumu zaidi, kwa kuwa ukizifungua gesi hutoka na vichwa haviwezi tena kuelea inavyotakiwa.

Ukiipeleka kwa mtaalamu, mweleze ukweli wote: ilianguka ikiwa imewaka au imezimwa, imewashwa mara ngapi tangu hapo, nani ameishika. Umwambie pia ni mafolda gani unayoyataka kwanza, maana vichwa vipya navyo huweza kufa katikati ya kazi.

Hali mbili zilizobaki unaweza kuzishughulikia mwenyewe: diski iliyo kimya kabisa, na diski inayozunguka vizuri lakini inasoma kwa shida.

Diski iliyo kimya

Badilisha kwanza kebo na adapta. Kama ni diski ya nje, shida inaweza kuwa kwenye bodi ndogo ya USB, na ukiitoa kwenye kasha na kuiunganisha moja kwa moja kwa SATA (tundu la data la diski za ndani ya kompyuta) huenda ikasomeka. Ila usiitupe bodi hiyo: baadhi ya diski za nje husimba data (huigeuza kuwa maandishi ya siri) kwa kutumia chipu iliyomo humo, na bila chipu hiyo utakachosoma ni vurugu tupu. Diski nyingine ndogo hazina SATA kabisa; tundu la USB limejengwa kwenye bodi yake kuu.

Ikibaki kimya, fungua skrubu za bodi iliyo chini ya diski, kwa kawaida Torx T5 au T6. Bodi hii iko nje ya chumba cha sahani, kwa hiyo kuitoa hakuingizi vumbi ndani. Igeuze utazame vituo vinavyogusana na vichwa na mota. Vikiwa vyeusi, visugue taratibu kwa kifutio cha penseli, ufute mabaki kwa alkoholi safi, uirudishe. Kutu hii ndogo imewafanya wengi wadhani diski zao zimekufa.

Kisha chukua maltimita, kifaa cha kupimia umeme. Karibu na tundu la umeme kuna diodi za ulinzi: diski ya inchi 3.5 huwa na moja ya volti 5 na nyingine ya volti 12. Ya inchi 2.5 hutumia volti 5 tu. Mtu akichomeka adapta ya laptopu ya volti 19 kwenye diski ya volti 12, diodi hujitoa mhanga: hupitisha umeme wote chini na kufa ikiwa imepiga shoti. Pima ukinzani pande zote mbili. Ukisoma karibu na sifuri kotekote, imekufa. Itoe kwa pasi ya kuchomea risasi, na diski mara nyingi huzunguka bila hiyo. Sasa haina ulinzi, kwa hiyo itumie kwa adapta unayoiamini, na kwa kunakili data tu.

Diodi zikiwa nzima na bodi ina alama ya kuungua, itahitajika bodi nyingine yenye namba ile ile iliyochapwa juu yake. Kuibadilisha tu hakutoshi. Kila diski ina vipimo vyake vya kiwandani vilivyoandikwa kwenye chipu ndogo ya miguu 8, na chipu hiyo lazima ihamishwe kutoka bodi ya zamani kwenda mpya. Usipoiona, huenda vipimo vimo ndani ya chipu kuu, na hapo kazi ni ya mtaalamu.

Diski inayozunguka lakini inakwama

Usiifungue kwenye Windows kuanza kuvuta faili moja moja, na usikubali ikikuomba kufomati au kuendesha chkdsk. Hiyo chkdsk huandika kwenye diski, nayo imetengenezwa kurekebisha mfumo wa faili, si kuokoa data yako. Unachotaka ni nakala ya sekta kwa sekta (sekta ni vipande vidogo ambamo diski huweka data), inayochukuliwa mara moja, kisha kazi nyingine yote ifanyike kwenye nakala.

Andaa fleshi ya kuwashia kompyuta kwa mfumo wa Linux yenye programu ya kunakili ya GNU ddrescue, diski nyingine isiyo na hitilafu yenye ukubwa sawa au zaidi, na mahali pa tatu pa kuweka faili la ramani. Faili hilo hukumbuka sekta zipi zimesomwa. Usiliache kwenye kumbukumbu ya muda ya fleshi, kwani kompyuta ikizima nalo hupotea. Zima pia ufunguaji wa diski wa moja kwa moja. Tambua diski kwa namba yake ya kipekee ya kiwandani (SERIAL), si kwa ukubwa:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Kwa mfano huu diski mbovu inaitwa sdb na nzima inaitwa sdc. Ukizigeuza utafuta ulichokuja kuokoa, kwa hiyo soma amri mara mbili kabla ya kubonyeza.

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Amri hii hutoa ripoti ya afya ya diski. Thamani za mistari namba 5 na 197 zikiwa juu, sekta zinakufa. Ikiwa inayopanda ni 199 peke yake, shuku kebo. Usianzishe jaribio refu la diski; linaichosha bure.

`sudo ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map`

Mzunguko huu huchukua sehemu rahisi na kuziruka zinazogoma, ili vichwa visimalizie nguvu kwenye sekta moja mbaya wakati zilizo nzima zinasubiri. Kwa MB 100 kwa sekunde, TB 1 huchukua karibu saa 3. Kasi ikianguka hadi MB 1, ni zaidi ya siku 11, na hapo ni busara kusimama na kufikiria maabara. Diski ikipotea katikati, izime, iache ipoe, angalia tena herufi zake kwa lsblk (huweza kubadilika), urudie amri ile ile, itaendelea ilipoishia. Ikianza kugonga, kazi yako imekwisha.

Baada ya hapo ndipo unarudi kwenye sekta ngumu:

`sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.map`

Majaribio 3 yanatosha. Ikikwama sana upande mmoja, ongeza `-R` isome kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Sasa ondoa diski mbovu. Kabla ya kutoa faili, tia alama kwenye sekta zilizoshindikana ndani ya nakala:

`printf "SEKTA-MBOVU " > alama.txt`
`sudo ddrescue -f --fill-mode=- alama.txt /dev/sdc ramani.map`

Fungua nakala kwa kusoma tu (`mount -o ro`) na unakili faili kwenye diski nyingine. Mgawanyo wa diski ukiwa umepotea, programu ya TestDisk huutafuta. Mfumo wa faili ukiwa umevurugika kabisa, programu ya PhotoRec hutoa faili kwa kutambua maumbile yake, ila majina na mafolda hupotea. Ukishazinakili, tafuta zilizo na alama:

`grep -rl "SEKTA-MBOVU" /mahali/ulipozinakili`

Zitakazotajwa ndizo zenye tundu ndani. Video yenye sekta moja mbovu kwa kawaida huruka kidogo na kuendelea. Faili la zip au hifadhidata huweza kukataa kufunguka kabisa, na hilo ndilo la kutafutiwa nakala kwingine, kwenye barua pepe au fleshi ya zamani.