Faili la InDesign likikataa kufunguka: ingia ndani ya IDML urekebishe mwenyewe

Maulidi yakikaribia hapa Lamu sisi wapanga kurasa hatulali, huyu anataka kijitabu cha kasida, yule ratiba ya wageni, na kila faili linakuja na balaa lake. Juzi nimeletewa kijitabu kimepangwa kwa InDesign mpya kabisa (ile programu ya Adobe ya kupanga kurasa) na mie kwenye mashine yangu hapa Langoni bado niko na CS6, toleo lake la zamani, nikabofya, ikagoma. Nilivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1. Mwambie aliyepanga alifungue kwake akuhifadhie kama IDML, yaani aina ya faili ya kuhamishia kazi kati ya matoleo ya InDesign. Hiyo InDesign yoyote kuanzia CS4 ya 2008 inaisoma. Mwambie pia atume folda la picha na fonti, maana picha zilizounganishwa hazimo ndani ya IDML, utaona masanduku tu. (Hata faili lako mwenyewe likianza wazimu, linazima programu ovyo ovyo, lipitishe kwenye IDML ulifungue upya, mara nyingi linapona.)

Hatua ya 2. Weka kopi ya hiyo IDML. Basi.

Hatua ya 3. IDML yenyewe ni zip tu iliyobadilishwa jina. Ifungue na 7-Zip (programu ya kufungua na kubana mafaili), toa vyote kwenye folda. Utakuta designmap.xml, mimetype (faili dogo linalosema hii ni faili ya aina gani), na folda kama Spreads, Resources na Stories. Maneno yote yako Stories, kila mtiririko wa maandishi una faili lake.

Hatua ya 4 ndio kazi yenyewe. Kijitabu changu kilichapwa na watu watatu, kwa hiyo ng'ombe, ng'ambo, ng'aa zilikuwa na vikoma vya aina tatu, mmoja ametumia kilichonyooka, mmoja kile cha pembeni ya namba 1 kwenye kibodi, mmoja kimepinda kinyume, na kwenye karatasi inaonekana vibaya mno. Fungua Notepad++ (programu ya kuhariri maandishi matupu), tafuta kwenye folda zima la Stories, badilisha ng` iwe ng’ na kadhalika, usisahau Ng ya herufi kubwa. Usitafute kikoma peke yake jamani, tafuta pamoja na ng, la sivyo utagusa visivyokuhusu. Maneno ya msomaji yako kati ya <Content> na </Content>, nje ya hapo usitie mkono, hizo namba za Self, yaani vitambulisho vya kila kipande, ndio zinaunganisha kila kitu. Ukitaka kuandika alama ya & andika &amp; na hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi unaobeba hata Kiarabu), kuna siku nilitumia programu nyingine ya ovyo nikahifadhi bila kuangalia, kasida zote za Kiarabu zikawa alama za kuuliza, nikaanza upya usiku ule ule.

Halafu ukitafuta "Mfungo Sita" usiione na unaijua iko, usishangae, pengine Mfungo imekolezwa wino na Sita haikukolezwa, basi kila neno liko kwenye Content yake. Tafuta neno moja moja.

Hatua ya 5. Kurudisha. Mara ya kwanza nilizip folda zima upya, InDesign ikanikatalia katakata. Sababu ni kwamba mimetype inatakiwa iwe ya kwanza ndani ya zip na isibanwe, na mie juu ya hayo nimezip folda ndani ya folda. Sasa sihangaiki, nafungua ile kopi kwa 7-Zip, naburuta folda la Stories lililorekebishwa naliachia humo ndani, nakubali libadilishe la zamani, mimetype haiguswi.

Hatua ya 6. Fungua kwa InDesign. Itakuja kama faili jipya lisilo na jina, lihifadhi hapo hapo. Maandishi yenye rangi ya waridi ni fonti imekosekana. Kisha kagua ukurasa kwa ukurasa ukilinganisha na PDF ya mwenyewe, kwangu ubeti mmoja ulikuwa umesukumwa ukurasa wa pili na kile kialama chekundu cha maandishi yaliyozidi nafasi pembeni ya sanduku kinanikodolea macho, nikapunguza nafasi ya mistari kidogo ukarudi.